Rafu ya Mia Nane na Nane

Zamu ya usiku ilipoisha sikwenda kulala.
Nilikaa kwenye baraza ya maktaba hadi saa tatu,
vumbi la magunia bado limo kwenye nyusi.
Mimi mpima mizigo, stesheni ya Tabora:
karanga za Mpanda, godoro, baiskeli iliyovuliwa magurudumu,
asali ndani ya madumu ya mafuta ya kula,
vyote navijua kwa kilo na nusu kilo.
Hadithi ina kilo ngapi?

Nilidhani Nyamizi wa mapokezi atanicheka.
Jibu nilishaliandaa, kali, la kumkomesha.
"Nataka kitabu kinachofundisha kuandika," nikasema.
"Si barua ya kuomba kazi. Hadithi."
Hakucheka. Akavuta droo ya kadi,
ile ya mbao, inayolalamika kama fisi mwenye njaa,
akapekua, akalowesha kidole, akapekua.
"Mia nane na nane. Rafu ya mwisho, penye dirisha bovu."

Mia nane na saba kipo. Mia nane na tisa kipo.
Katikati, pengo la upana wa vidole vitatu,
na vumbi limechora mahali mgongo wake uliposimama.
Kiliazimwa mwaka tisini na moja.
"Aliyekichukua," nikauliza, "aliandika?"
"Hatujui. Ila faini yake sasa ingenunua kabati."

Akaondoka, akarudi amekumbatia nisivyoviomba:
kijitabu cha ufugaji nyuki,
kamusi isiyo na jalada,
na ratiba ya treni ya miaka ile nilipokuwa mchanga.
"Hivi si mia nane na nane," nikasema.
"Sivyo. Wewe soma."

Kijitabu kinasema: usiuendee mzinga ukiwa na hasira,
nyuki wanainusa. Puliza moshi kidogo, ngoja.
Ukilazimisha, utaondoka na masega matupu
na uso usiojulikana na mkeo.
Hilo nililiandika kiganjani.

Kamusi nayo! Nikatafuta *kawia*: ni kuchelewa.
Nikatafuta *chelewa*: ni kukawia.
Nikatafuta *acha*,
maana hadithi yangu yote imesimama juu ya neno hilo,
kurasa za A zilishang'oka. Inaanzia *baa*.

Ikabaki ratiba.
Usoke, Urambo, Kaliua. Kidole kinashuka na reli.
Mama alishuka Nguruka kununua samaki wa kukaushwa,
treni ikamwacha na fungu mkononi.
Mimi nilikuwa ndani, wa miaka miwili,
nimefungwa khanga kwenye kiti cha daraja la tatu.
Mwanamke wa Kiha asiyetujua alinipakata hadi Uvinza,
akaniachia kwa mkuu wa stesheni, akaendelea na safari yake.
Mama alifika kesho yake juu ya behewa la mizigo,
samaki bado anao.
Mara zote husimulia hivi: "Haikusimama hata dakika mbili."

Ratiba inasema nane.

Nikaisoma tena, nikaigeuza kwenye mwanga.
Nguruka: kuwasili, kuondoka. Nane.
Labda siku hiyo treni ilikuwa imechelewa, ikakatisha.
Labda muuza samaki hakuwa na chenji.
Labda alisimama tu pale, mikono mitupu kwa mara ya kwanza
tangu nizaliwe, akausikia upepo,
na honi ilipolia miguu yake ikafikiri kwanza.
Kati ya mbili zake na nane za karatasi
kuna sita ambazo hazina rafu.

Mama yuko hai, yuko Isevya, saa hizi anachambua mchele.
Sitamuuliza. Bado. Moshi kidogo, ngoja.

Nyamizi akagonga muhuri kwenye nyuki na kamusi: siku kumi na nne.
"Ratiba haiazimwi. Nakili hapa hapa."
Sikuwa na daftari. Nilikuwa na fomu ya mizigo,
na chini ya maneno *Maelezo ya kilichomo*
nikaandika: Treni ilisimama dakika nane.
Nikafuta *ilisimama*.
Nikairudisha.
Dirisha bovu likapigapiga. Jumamosi wanafunga saa sita.